Meli Isiyo na Mtaa

Nimeombwa nizungumzie vita, nami nimechagua vita vya baharini. Kuna mtu ameshaguna huko nyuma, nimemsikia. Bahari iko Mombasa, karibu kilomita 500 kutoka Kaloleni hapa, sasa Eastlands inaingiaje? Inaingia. Mojawapo ya mapigo makubwa kabisa yaliyowapata askari wa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili vya Dunia lilitokea majini, kwa muda wa dakika tatu hivi. Mitaa yetu hii, ambayo imevikumbuka vita vingine kwa majina ya masoko, haikulikumbuka pigo hilo hata kwa jina la kichochoro.

Tuanze na tunayoyajua. Kila makanga anayeita abiria wa Kariokor anakitaja, akijua au asijue, kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza, kile ambacho Waingereza walikiita Carrier Corps. Serikali ya kikoloni ilikusanya wanaume kwa maelfu, wengi wao kwa nguvu, ikawaweka chini ya Mzungu aliyeitwa Oscar Watkins. Kazi yao ilikuwa kubeba unga, risasi na majeruhi nyuma ya majeshi yaliyokuwa yakimfukuza Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, Tanganyika nzima hadi Msumbiji. Zaidi ya 40,000 hawakurudi, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kikosi kilikuwa na kambi yake hapa Nairobi, na kambi ikazaa mtaa.

Burma nayo haihitaji maelezo mengi. Soko lile la karibu na Uwanja wa City, ambao siku hizi unaitwa Joe Kadenge, hupokea walaji nyama ambao hawajawahi kufikiria kwamba Burma ni nchi. Jina lake lilikuja na askari wa Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliopigana na Wajapani katika misitu ya nchi hiyo mwaka 1944 na 1945, wakarudi na viatu vya jeshi, sigara na hadithi.

Hoja yangu ya leo ndiyo hiyo tu, na mkitaka mnaweza kwenda nyumbani sasa hivi: soko hupewa jina na aliyerudi. Aliyekufa nchi kavu ana wenzake waliomzika na watakaomtaja. Waliozama pamoja na kikosi chao karibu kizima hawakuacha mtu wa kufungua kibanda na kukipa jina.

Kabla sijaifikia meli yenyewe, niruhusuni kupita kidogo Rufiji, maana hata Kariokor ina meli ndani yake. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliingia Zanzibar alfajiri na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Kisha ikaenda kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ikakaa huko miezi mingi, Waingereza wakiizunguka bila kuifikia, hadi walipoleta meli mbili zisizohitaji maji ya kina, Severn na Mersey, zikaimaliza Julai 11, 1915. Manowari ikafa, mizinga yake haikufa. Wajerumani walizamia wakaitoa yote kumi, wakaitengenezea magurudumu, na ikakokotwa na watu kwa mamia kupita mabonde na milima ya Tanganyika. Mmoja uko Fort Jesus hadi leo, pamoja na mzinga wa Pegasus, watoto wa shule wanaupanda wakipigwa picha. Kwa hiyo mpagazi wa Nairobi aliyejitwika gunia la unga kuelekea Tabora au Mahenge alikuwa akifuata majeshi yaliyopigwa na mizinga ya baharini. Upande wa pili walikuwako wapagazi wengine, Waafrika vilevile, wakiikokota. Ni vita vya majini ambavyo havikulowesha mtu mguu, na mzigo wake ulikaa mabegani mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuona bahari.

Sasa tuje Vita vya Pili. Desemba 10, 1941, ndege za Japani zilizamisha manowari mbili kubwa za Uingereza, Prince of Wales na Repulse, karibu na pwani ya Malaya. Februari 15, 1942, Singapore ikaanguka. Jumapili ya Pasaka ya mwaka huo, Aprili 5, ndege za Admeri Nagumo wa Japani zikaipiga Colombo, na siku hiyo hiyo zikazamisha meli mbili za kivita, Dorsetshire na Cornwall. Siku nne baadaye ikazama Hermes, meli ya kubebea ndege. Mkuu wa majeshi ya majini ya Uingereza upande huu, Admeri James Somerville, alijikuta na manowari kubwa tano. Warspite ilikuwa imefanyiwa marekebisho na ilikuwa na nguvu. Nne zilizobaki, Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, zilikuwa kuukuu za enzi za vita vilivyotangulia, nzito, zinazokwenda polepole, na shabaha rahisi kwa ndege. Akaziondoa zile nne njiani na kuzileta Kilindini. Haukupita muda, Kilindini ikawa makao makuu ya kundi zima la manowari za mashariki.

Fikirini maana yake. Kila manowari kubwa ya namna hiyo ilikuwa na watu karibu elfu moja ndani, na wote wanakula. Nyama, mboga na unga vilishuka kutoka bara kwa reli, na reli ilikuwa mikononi mwa watu waliolala Muthurwa, Landhies na Makongeni, kwenye vyumba vya shirika, wanne watano katika chumba kimoja. Afisa kijana kutoka mji mdogo wa Uingereza aliyekaa mezani ndani ya Resolution akiwa na sahani ya nyama mbele yake hakujua jina la mtu aliyetia makaa kwenye injini iliyoileta nyama hiyo pwani. Sina haja ya kumlaumu, hata sisi hatumjui anayeleta sukuma wiki Marikiti. Nataka tu tuelewe kwamba manowari huanza kazi mbali sana na maji.

Shule ya Allidina Visram, pale Mombasa ikitazama bahari, ilichukuliwa na jeshi la majini, na madarasani mwake wakaketi watu waliokuwa wakisikiliza redio za Wajapani na kuvunja maandishi yao ya siri. Ramillies nayo ilipelekwa Madagaska kusaidia kuiteka Diego Suarez kutoka kwa Wafaransa wa Vichy, walioshirikiana na Wajerumani. Mei 30, 1942, nyambizi ndogo ya Kijapani ya watu wawili ikaipiga kombora ikiwa bandarini, na askari wa Keya waliopelekwa kisiwani baadaye mwaka huo waliikuta habari hiyo bado inasimuliwa. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba Wajapani wanaweza kufika hadi mlangoni petu.

Hapa Nairobi jeshi la majini lilikuwa na "meli" yake pia, na hili huwachekesha wengi nikilisema. Waingereza wana desturi ya kuviita vituo vyao vya nchi kavu kwa majina ya meli, na watumishi wa vituo hivyo huhesabiwa kuwa wako ndani ya meli. Kituo cha Kilindini kiliitwa Tana. Uwanja wa ndege za majini wa Port Reitz uliitwa Kipanga. Karakana ya kutengeneza ndege za jeshi la majini iliyokuwa Nairobi iliitwa Korongo. Kwa hiyo kulikuwa na baharia wa Mfalme aliyeshinda siku nzima juu ya udongo mwekundu, mita zaidi ya 1,600 kutoka usawa wa bahari, akiomba ruhusa ya "kushuka pwani" ili aende mjini kunywa bia. Ndiyo meli pekee ya vita ambayo mtu wa Nairobi angeweza kuifikia kwa miguu, na kwa bahati njema ilikuwa haizami.

Waafrika walikuwamo katika utumishi wa majini wenyewe? Walikuwamo. Tangu 1933 kulikuwa na kikosi cha akiba cha majini cha Kenya, chenye makao Mombasa, na wakati wa vita Waafrika walifanya kazi katika meli zake ndogo za doria na za kufagia mabomu ya baharini. Walikuwa mabaharia. Maafisa walikuwa Wazungu. Ukiniuliza basi afisa wa majini kutoka mtaa huu alihudumu katika manowari gani mwaka 1942, jibu langu ni kwamba hakuwepo kwa sababu hakuruhusiwa kuwepo. Kenya ilisubiri hadi Desemba 12, 1964 ndipo ikapata jeshi lake la majini, kule Mtongwe. Mtu wa bara wakati wa vita aliijua meli kama abiria, akipandishwa kwa foleni huku amebeba mfuko wake, akateremshwa hadi chini kabisa, mahali ambapo joto la injini na matapishi ya wenzake vilimfundisha bahari kwa siku moja.

Sasa meli yangu. Iliitwa Khedive Ismail. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua. Katika miaka ya 1930 ikauzwa kwa kampuni ya Misri, ikapewa jina la mtawala wa zamani wa nchi hiyo, Ismail. Historia ina dhihaka zake: Ismail huyo ndiye aliyetuma meli za kivita mwaka 1875 zikaiteka Barawa na Kismayu kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, kabla ya Waingereza kumlazimisha azirudishe. Jina lake lilikuwa limeshapita pwani hii mara moja, nalo likaja mara ya pili ubavuni mwa meli ya kubebea askari.

Mapema Februari 1944 meli hiyo ilitoka Kilindini kuelekea Colombo, pamoja na nyingine nne za abiria, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Askari wa Afrika Mashariki walikuwa wakikusanywa Ceylon tayari kwa Burma. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, maafisa wao Wazungu wakiwemo. Walikuwamo pia watu 271 wa jeshi la majini la Uingereza na makumi ya wanawake, wengi wao wauguzi wa kijeshi, na wengine wa idara ya majini. Alikuwamo vilevile mwandishi wa habari Kenneth Gandar Dower. Huyu wazee wapenda mbio za mbwa wangempenda, kwa sababu alichukua duma kutoka Kenya akawapeleka Uingereza, na mwaka 1937 akawashindanisha katika uwanja wa mbio za mbwa huko Romford. Duma, nasikia, hawakuona sababu ya kukimbia kama hakuna cha kula.

Msafara ulilindwa na manowari ya kati, Hawkins, na mbili ndogo ziendazo kasi, Petard na Paladin. Siku zikapita bila tukio. Jumamosi, Februari 12, walikuwa katika mkondo wa bahari kusini-magharibi mwa visiwa vya Maldives. Ilikuwa yapata saa nane na nusu mchana. Baadhi ya abiria walikuwa juu sitahani wakiota jua, wengi walikuwa ndani wakisikiliza muziki ulioandaliwa kuwaburudisha. Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya nahodha Fukumura Toshiaki, ilikuwa imejipanga ubavuni mwa msafara. Mlinzi mmoja wa Khedive Ismail aliiona darubini ya nyambizi ikichomoza majini, akapiga kelele, wapigaji mizinga wa meli wakafyatua. Wakati huo huo Fukumura naye akaachia makombora manne. Mawili yakaipata meli.

Ikazama katika dakika tatu hivi. Niwaombe mkae na muda huo kidogo, kwa sababu ndio unaoeleza mambo mengine yote. Dakika tatu hazitoshi kushusha mashua. Hazitoshi kwa mtu aliye ngazi tatu chini, gizani, maji yakiingia na meli ikilala ubavu, kuitafuta ngazi ambayo sasa imekuwa ukuta. Watu hupenda kusema askari wetu walikufa kwa sababu hawakujua kuogelea. Nimelisikia mara nyingi, na halinipendezi, maana linamtia marehemu lawama ndogo ya kimya kimya. Wauguzi wa Kiingereza waliokuwamo humo, ambao baadhi yao bila shaka waliogelea tangu utoto, nao waliangamia: wanawake 77 walikufa, sita tu wakapona. Aliyepona na aliyekufa walitenganishwa na mahali walipokuwa wamesimama saa ile.

Kisha likafuata lililo gumu zaidi. Meli nyingine za abiria zilitawanyika kwa amri, kama kanuni inavyotaka. Paladin ikashusha mashua zake na kuanza kuokota watu. Petard ikaanza kuitafuta nyambizi. Nyambizi, kwa kujua au kwa bahati, ilikuwa chini kabisa ya mahali watu walipokuwa wakielea wameshikilia mbao na maboya. Nahodha wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na mambo mawili mbele yake. Akiiacha nyambizi, ina makombora mengine, na meli nne zenye maelfu ya askari bado ziko karibu. Akiipiga, atatupa mapipa ya baruti, yale yanayolipuka chini ya maji, katikati ya watu walio hai.

Aliyatupa.

Waliokuwa wakielea waliiona manowari ya upande wao ikiwajia, wakadhani inakuja kuwaokoa. Mlipuko wa chini ya maji humpasua mtu ndani bila kumwacha na jeraha la nje. Kuna waliookoka kombora la Mjapani wakafa kwa baruti ya Mwingereza, na idadi yao imezama pamoja na hesabu ya wengine. I-27 ililazimika kuibuka. Paladin ikaiendea kuigonga, Egan akaiashiria isiigonge, ikageuka ikiwa imechelewa, na pezi la nyambizi likaipasua ubavu. Mizinga ya manowari hizo ilikuwa midogo mno kuutoboa mwili wa nyambizi. Petard ikaanza kuachia makombora yake moja baada ya jingine, likipita hili na lile, mpaka la saba likaipata I-27 na kuimaliza. Pambano lote lilichukua zaidi ya saa mbili. Kati ya watu 1,511, waliokolewa 214.

Wako wanaosema kwamba Egan hakuwa na njia nyingine. Hesabu yao naielewa. Mimi ni mtu wa Eastlands, naona pia kwamba ni rahisi kukubali hesabu ukiwa upande wa kuhesabu. Wakati huo huo sitasimama hapa niwaambie Egan alitupa baruti ile kwa sababu waliokuwa majini ni Waafrika. Majini mlikuwa na Wazungu wenzake, wanaume kwa wanawake, mabaharia wa jeshi lake mwenyewe. Bahari siku ile haikuuliza kipande cha mtu, yaani hati yake ya utambulisho. Ubaguzi ulikuja baadaye, katika kukumbuka.

Na hapo ndipo Petard inaponisaidia, maana meli hiyo ilikuwa na hadithi nyingine kabla ya ile ya kwetu. Oktoba 30, 1942, katika Bahari ya Kati karibu na Misri, Petard na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka. Luteni Anthony Fasson, kijana wa upande wa Jedburgh, mji mdogo wa mpakani Scotland, alivua nguo akaogelea hadi kwenye nyambizi iliyokuwa ikizama. Pamoja naye alikwenda baharia Colin Grazier, wa mji wa Tamworth, na mvulana wa kantini aitwaye Tommy Brown, aliyekuwa amedanganya umri wake ili aandikwe. Fasson na Grazier waliingia ndani, wakapitisha vitabu vya siri kwa Brown, wakarudi tena chini kutafuta zaidi. Nyambizi ikazama nao. Vitabu vile vilifika Bletchley Park, kituo cha kuvunja maandishi ya siri, na kuwawezesha Waingereza kuanza tena kusoma ujumbe wa nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki, baada ya miezi mingi ya kutosikia kitu. Fasson na Grazier walipewa nishani ya George Cross, lakini kwa nini hasa, ndugu zao hawakuambiwa. Siri yote ya Bletchley ilikaa imefungwa hadi miaka ya 1970.

Tamworth haina bahari. Iko katikati ya Uingereza, mbali na pwani, kama sisi tulivyo. Hata hivyo mwaka 2002, miaka 60 baada ya tukio, wenyeji wa mji huo walisimamisha nanga za chuma katika uwanja wa kanisa lao kuwakumbuka watu watatu wa Petard. Grazier mwenyewe hakurudi kuwasimulia. Waliamua tu, wakachanga, wakajenga. Mji mdogo usio na bahari, baharia wake mmoja, nanga zake. Manowari ile ile, miezi 15 na nusu hivi baada ya U-559, ilisimama juu ya mamia ya watu wa Afrika Mashariki, nami sijui mji wa huku uliosimamisha hata mti.

Msije mkadhani majina yao hayajaandikwa popote. Yameandikwa. Katika makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, kando ya msitu, kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki kwa ajili ya askari wasio na kaburi, na waliopotea na Khedive Ismail wako humo. Nyasi zimekatwa vizuri sana. Tatizo ni kwamba ni mahali pa wageni wenye maua, upande wa pili wa jiji. Katikati ya mji, pale Kenyatta Avenue, sanamu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 zinamwonyesha askari na mpagazi; hakuna aliyelowa maji kati yao. Hata wakati wa vita wenyewe habari za meli kuzama zilizuiwa zisimsaidie adui, na familia ya kijijini ilipata barua ya serikali isiyosema mahali wala namna. Baba alikwenda Mombasa. Hakurudi. Hapo hadithi inakatika, na hadithi iliyokatika haisimuliwi klabuni.

Waliofika Burma, kwa upande mwingine, walisimulia sana. Waruhiu Itote, ambaye baadaye tulimjua kama Jenerali China, alipigana huko na Keya, akarudi, akafanya kazi reli kama mtia makaa, akaandika kitabu. Bildad Kaggia hakupelekwa Burma, alihudumu Mashariki ya Kati na kufika hadi Uingereza, naye akarudi, akaandika. Waliorudi walikuta nyumba hizi za Kaloleni zikijengwa. Wazee wa hapa hutuambia mateka wa Kiitaliano walitiwa humo kufyatua na kupanga matofali. Walikuta pia kipande bado kiko, mishahara ile ile, na mashamba waliyodhani watapewa yamepewa maafisa Wazungu waliowaongoza. Wakaja kwenye ukumbi huu kupiga siasa. Aprili 24, 1954, Waingereza walipoizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, msako wa wapigania uhuru, na kuwachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Eastlands kwa maelfu, miongoni mwa waliochuchumaa wakingoja mpelelezi aliyejifunika gunia lenye matundu mawili ya macho awaonyeshe kwa kutikisa kichwa walikuwamo watu waliowahi kuvaa sare za Mfalme. Nalitaja hili kwa sababu mtu anaweza kuuliza: kama waliorudi walitendewa hivyo, waliozama wangetegemea nini? Swali zuri. Lakini linamhusu Mwingereza. Mimi nawauliza ninyi.

Kuna pendekezo ambalo nimekuwa nalo kwa muda, na kwa kuwa mwakilishi wa wadi ameahidi kufika na hajafika, nitalitoa akiwa hayupo. Mitaa yetu inapewa majina mapya kila mara serikali ya kaunti inapopata rangi. Sitaki uchochoro wa Khedive Ismail. Ni jina la mtawala wa Misri aliyejaribu kunyakua pwani yetu, na isitoshe watoto watalikata liwe kitu kingine kabisa kabla ya wiki kwisha. Wala sitaki sanamu, maana chuma cha sanamu hapa hulala usiku mmoja tu, asubuhi kimeshafika kwa wauza vyuma chakavu. Nataka nambari. Kikosi kiliitwa 301. Iandikwe ukutani mwa njia moja kati ya hapa na Burma, kubwa, kwa rangi, na chini yake Februari 12, 1944. Hapatahitajika pesa za mfadhili, mafundi wa michoro ya matatu wako hapa hapa Jogoo Road na wanaandika vizuri kuliko jiji zima.

Tatizo moja tu naliona: mtu atadhani ni nambari ya njia ya matatu, atasimama hapo na kungoja gari. Wakati wa maswali, ambaye anajua kama kuna sacco iliyokwisha kuichukua nambari hiyo naomba aanze yeye.